Kufa Kufaana: Malezi na Ikolojia ya Mbawakawa Wazishi wa Jenasi ya Nicrophorus

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tabia na ikolojia ya mbawakawa wa jenasi ya Nicrophorus, ambao huzika mizoga ya wanyama wadogo na kuitumia kulea watoto wao. Hoja kuu ni kwamba mwenendo wa wadudu hawa, uwe wa upole au wa ukatili, unatokana na sifa moja ya mzoga: ni chakula kingi kinachopatikana kwa nadra, ambacho kiasi chake hakiongezeki na ambacho kinawaniwa na viumbe wengi. Makala yanaonesha jinsi sifa hiyo inavyoeleza ushirikiano wa mume na mke, ugomvi wao, ulishaji wa mabuu kwa kinywa na mauaji ya baadhi ya mabuu hayo. Mwishoni, kisa cha mbawakawa mzishi wa Marekani kinajadiliwa ili kuonesha kwamba spishi inayotegemea mizoga ya ukubwa fulani huweza kutoweka pale wanyama wanaoacha mizoga hiyo wanapotoweka.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema, kufa kufaana. Kwa kawaida methali hii huhusishwa na wanadamu, ambapo msiba wa mmoja huwa fursa ya mwingine. Katika maumbile, hata hivyo, maana yake ni ya moja kwa moja. Panya anapokufa msituni, mwili wake hugeuka kuwa akiba ya protini na mafuta iliyowekwa wazi bila mlinzi. Bakteria na kuvu huanza kuuozesha, nzi hutaga mayai juu yake, sisimizi humega vipande, na ndege au mnyama mla nyama huweza kuuchukua wote kwa mkupuo mmoja. Miongoni mwa wanaouwania yumo mbawakawa ambaye hauli papo hapo wala hautoroki nao. Huuzika, kisha hufanya familia ndani ya kaburi hilo.

Wadudu walio wengi hutaga mayai na kwenda zao. Wachache huyalinda mayai kwa muda. Malezi ambayo baba na mama kwa pamoja huandaa chakula, hulinda makazi na kuwalisha watoto mdomo kwa mdomo ni nadra mno katika ulimwengu wa wadudu, na huwakumbusha watazamaji malezi ya ndege. Ndiyo sababu mbawakawa hawa wamechunguzwa kwa muda mrefu. Utafiti wa Erna Pukowski uliochapishwa nchini Ujerumani mwaka 1933 ndio uliobainisha kwa kina kwamba wazazi huwalisha mabuu yao, na tangu hapo wadudu hawa wamekuwa mfano muhimu katika taaluma ya mageuko ya familia.

Makala haya yanajibu maswali mawili. Kwanza, kwa nini mdudu huyu alee ilhali wenzake wengi hawalei? Pili, kwa nini mzazi yuleyule anayelisha kwa bidii huwaua na kuwala baadhi ya watoto wake? Itaonekana kwamba maswali haya mawili yana jibu moja.

2.0 Jina, Uainishaji na Mtawanyiko

Jenasi ya Nicrophorus ilipewa jina na mwanasayansi Johan Christian Fabricius mwaka 1775. Ina takribani spishi 70. Kwa muda mrefu iliwekwa katika familia ya Silphidae, ingawa uchunguzi wa karibuni wa nasaba za kijenetiki unaihusisha na familia kubwa zaidi ya Staphylinidae. Wengi wa mbawakawa hawa ni weusi wenye mabaka ya rangi ya chungwa kwenye mabawa magumu ya mbele, na vipapasio vyao huishia kwa kirungu. Baadhi ya spishi zina urefu wa sentimita moja na kidogo tu, ilhali iliyo kubwa kuliko zote, Nicrophorus americanus, huweza kuzidi sentimita tatu.

Kiswahili hakina jina mahususi la mdudu huyu, na sababu ni ya kijiografia: hapatikani Afrika kusini ya Sahara. Makazi yake makuu ni Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, na spishi chache hupatikana Afrika ya Kaskazini, kwenye milima ya Amerika ya Kusini na katika visiwa vya kusini mashariki mwa Asia. Katika makala haya anaitwa mbawakawa mzishi. Neno mzishi lina maana ya mtu anayezika, na pia hutumika kwa sahibu wa kweli, yule ambaye mtu hutumaini kuwa ndiye atakayemzika. Msomaji asimchanganye na mbawakawa wa mavi, anayeonekana sana katika mbuga za Afrika Mashariki akiviringisha mpira wa samadi. Wote wawili huzika chakula cha watoto, lakini ni wa nasaba tofauti, na kufanana kwao kunatokana na kukabili tatizo linalofanana.

3.0 Mzoga kama Rasilimali

Mzoga mdogo una sifa nne zinazotawala maisha ya mbawakawa mzishi. Ya kwanza ni thamani: nyama ina protini nyingi kuliko majani au mbao. Ya pili ni unadra: hakuna ajuaye panya atafia wapi wala lini. Ya tatu ni ukomo: mzoga ukishapatikana, kiasi chake hupungua tu. Ya nne ni ushindani: kila saa inayopita huwapa nzi na bakteria nafasi ya kuuteka.

Kukabiliana na unadra, mbawakawa hutegemea vipapasio vyake, ambavyo hunasa harufu ya viambata vya salfa vinavyotoka kwenye mwili unaoanza kuoza. Kwa kuwa huruka vizuri, huweza kufika kwenye mzoga ndani ya siku moja au mbili za mwanzo, kabla haujaharibika.

Mara nyingi wanaofika ni zaidi ya wawili. Hapo huzuka mapigano, madume kwa madume na majike kwa majike, na kwa kawaida mwenye mwili mkubwa hushinda. Matokeo yake ni jozi moja inayomiliki mzoga. Dume likifika peke yake hupanda mahali palipoinuka, huinua ncha ya fumbatio lake na kutoa feromoni ya kumwita jike. Jike lisilo na mwenzi nalo huweza kuzaa peke yake, kwa kuwa huhifadhi mbegu za kiume za kujamiiana kwa awali.

Walioshindwa hawaondoki wote. Jike lililoshindwa huweza kubaki karibu na kutaga mayai yake kando ya mzoga wa mwenzake, ili watoto wake walelewe na mshindi. Suala hili litarejewa katika sehemu ya 5.0, kwa kuwa ndilo linaloeleza mojawapo ya tabia za ajabu za mzazi.

Mzoga ukiwa mkubwa kupita uwezo wa jozi moja, au nzi wakiwa wengi, ushindani huweza kugeuka ushirikiano. Utafiti wa Sun na wenzake (2014) kuhusu Nicrophorus nepalensis katika milima ya Taiwan ulionesha kwamba kwenye miinuko ya chini, penye joto na nzi wengi, mbawakawa wanaofanya kazi kwa makundi hufanikiwa zaidi kuliko jozi zilizo peke yake, ilhali juu mlimani penye baridi faida hiyo hupotea. Kwa hiyo, kupigana au kusaidiana si tabia isiyobadilika ya mdudu, bali hutegemea ni nani adui mkubwa zaidi, mwenzake au nzi.

4.0 Kuzika na Kuandaa

Jozi ikishaumiliki mzoga, kazi ya kuzika huanza. Mbawakawa huingia chini ya mzoga na kusukuma udongo pembeni, hivi kwamba mwili huzama polepole kwa uzito wake wenyewe. Ardhi ikiwa ngumu, hulala chali chini ya mzoga na kuusogeza kwa miguu hadi mahali penye udongo laini. Kwa mdudu mwenye uzito mdogo sana kulinganishwa na panya, hii ni kazi kubwa, lakini huweza kukamilika katika usiku mmoja.

Wakati wa kuzika na baada yake, wazazi hunyoa manyoya, hukunja mwili ukawa kama mpira na kuupaka majimaji yanayotoka kinywani na kwenye njia ya haja. Majimaji hayo yana viambata vinavyozuia bakteria, kikiwamo kimeng'enya cha lisozaimu. Kinga hii si ya mwili wa mzazi bali ni ya chakula cha watoto, na ni gharama ambayo mzazi huilipa kabla mtoto hajazaliwa. Chumba kinachobaki kuuzunguka mpira huo ndicho kitalu cha familia.

Mbawakawa hafiki peke yake kwenye mzoga. Mwilini mwake hubeba utitiri wa jenasi ya Poecilochirus, ambao hushuka mara wanapofika na kuanza kutafuta mayai ya nzi na kuyala. Springett (1968), katika utafiti wake nchini Uingereza, alionesha kwamba nzi wanapokuwapo, mbawakawa wenye utitiri huzaa kwa mafanikio zaidi kuliko wasio nao. Hata hivyo, uhusiano huu si wa hisani tupu. Utitiri nao huzaliana juu ya mzoga, na nzi wasipokuwapo huweza kuwa mzigo kwa mwenyeji wao. Mgeni yuleyule huwa mlinzi au mlaji kulingana na wageni wengine waliohudhuria.

5.0 Malezi na Mauaji

Jike hutaga mayai kwenye udongo karibu na mzoga, si juu yake. Kwa spishi ya Nicrophorus vespilloides ya Ulaya, mayai huanguliwa baada ya takribani siku mbili na nusu katika joto la nyuzi 20. Mabuu hutambaa hadi kwenye mpira wa nyama, ambako wazazi wamekwisha kutoboa tundu. Wazazi hutoa sauti ya mkwaruzo kwa kusugua fumbatio dhidi ya mabawa magumu. Buu humwelekea mzazi, huinua kichwa, hupungapunga miguu na kugusa kinywa chake. Mzazi hucheua nyama iliyokwisha kumeng'enywa nusu, na buu huinywa. Mabuu pia hujilia wenyewe, na kadiri yanavyokua ndivyo yanavyopunguza kuomba.

Umuhimu wa ulishaji huu hutofautiana baina ya spishi. Mabuu machanga ya Nicrophorus orbicollis wa Amerika ya Kaskazini kwa kawaida hufa yakikosa mzazi, ilhali yale ya N. vespilloides huweza kuishi bila mzazi iwapo mzoga umeandaliwa, ingawa kwa idadi na afya pungufu. Baada ya takribani wiki moja mzoga huwa umekwisha. Mabuu hutawanyika udongoni na kuwa mabundo, yaani hatua ya utulivu kati ya buu na mdudu mpevu, na wapevu hutoka wiki kadhaa baadaye.

Hapa ndipo ukomo wa mzoga unapoonekana kwa uzito wake wote. Mbawakawa mpevu haongezeki ukubwa, hivyo ukubwa wake wa maisha yote huamuliwa na alichokula akiwa buu. Ukubwa huo ndio utakaoamua kama atashinda au atashindwa siku atakapogombania mzoga wake mwenyewe. Familia yenye mabuu mengi kupita kiasi cha nyama hutoa wapevu wadogo, na mpevu mdogo ni mshinde anayesubiri kushindwa.

Mama hana njia ya kujua mapema ukubwa wa chakula kitakachosalia baada ya kuoza na kuibwa, hivyo hutaga mayai mengi kuliko yanayohitajika. Bartlett (1987) alibainisha kwamba baada ya mayai kuanguliwa wazazi huwala baadhi ya mabuu machanga mpaka idadi iliyobaki ilingane na ukubwa wa mzoga. Kitendo hiki kinaposomwa peke yake huonekana kuwa kinyume cha malezi. Kinaposomwa pamoja na hoja ya ukomo, huonekana kuwa sehemu ya malezi yenyewe. Mayai ya ziada ni bima dhidi ya mayai yatakayoharibika, na bima isipohitajika hurudishwa kuwa chakula.

Aina ya pili ya mauaji inahusu watoto wa wengine. Ilielezwa hapo juu kwamba majike yaliyoshindwa huweza kutaga kando ya mzoga. Je, mama hutambuaje walio wake? Müller na Eggert (1990) walionesha kwamba hawatambui kwa sura wala kwa harufu, bali kwa wakati. Mabuu yanayofika kabla ya muda ambao mayai yake yangeweza kuanguliwa huuawa. Muda huo ukiwadia, tabia yake hubadilika na huyapokea mabuu yoyote yanayofika, hata ya jike jingine. Kalenda ya mwili ndiyo cheti cha uzazi. Ni utaratibu usio kamili, kwa kuwa jike mgeni aliyetaga wakati uleule hupitisha watoto wake bila kugunduliwa, lakini hutosha kuwazuia waliotangulia.

Kwa hiyo, maswali mawili yaliyoulizwa katika utangulizi yana jibu moja. Mbawakawa mzishi hulea kwa sababu mzoga usiolindwa huibwa na usiotunzwa huoza. Huua kwa sababu mzoga huohuo hautoshi wote.

6.0 Mume na Mke

Ushirikiano wa jozi nao una mipaka. Kwa dume, mzoga mkubwa ni fursa ya kumwita jike la pili. Kwa jike, ujio wa mwenzake ni kugawana chakula cha watoto wake, na huenda mayai au mabuu yake yakauawa. Eggert na Sakaluk (1995) walichunguza jinsi majike yanavyoitikia. Dume linapojaribu kutoa feromoni ya kuita, jike humsukuma, humpanda na kumng'ata. Watafiti walipoyafunga majike kamba ili yasiweze kuyafikia madume, madume yalitumia muda mwingi zaidi kuita. Ndoa ya mke mmoja, katika hali hii, si tabia ya dume bali ni shinikizo la jike.

Mawasiliano ya jozi hayaishii kwenye kung'ata. Engel na wenzake (2016) waligundua kwamba jike la N. vespilloides linapokuwa katika kipindi cha kulisha mabuu machanga, huwa halitagi, na hutoa hewani kiambata kiitwacho methili jeranati ambacho hupunguza hamu ya dume ya kujamiiana. Kwa njia hiyo dume hupokea taarifa ya kweli kwamba kujamiiana wakati huo hakutaleta mayai, na hubaki katika kazi ya malezi.

Kwa kawaida dume huondoka kabla ya jike. Jike peke yake huweza kulea kwa mafanikio yanayokaribia yale ya jozi, na faida kubwa ya kuwapo kwa dume ni ulinzi: mbawakawa mvamizi akifanikiwa kuuteka mzoga, huwaua mabuu waliopo na kuanza uzazi wake. Baba hubaki hadi hatari hiyo ipungue.

7.0 Malezi Yanapoondolewa

Iwapo malezi ni zao la mageuko, basi kuyaondoa kunapaswa kuanzisha mageuko mengine. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kundi la Rebecca Kilner liligawa mbawakawa wa N. vespilloides katika jamii za maabara za aina mbili. Katika aina ya kwanza wazazi waliachwa walee. Katika aina ya pili wazazi waliondolewa baada ya kuandaa mzoga, kabla mabuu hayajafika, kizazi baada ya kizazi. Duarte na wenzake (2021) waliripoti kwamba katika jamii za aina ya pili wazazi walibadilika na kuwa wepesi zaidi kutoboa tundu la kulia kwenye mzoga kabla ya kuondolewa. Malezi yaliyozuiwa kwa kinywa yalihamia kwenye maandalizi. Matokeo haya yanaonesha kwamba kitalu na ulishaji ni sehemu mbili za kazi moja, na upungufu wa moja huweza kufidiwa kwa kiasi fulani na nyingine.

8.0 Kisa cha Mbawakawa Mzishi wa Marekani

Mbadala wa namna hiyo una kikomo chake. Unaweza kufidia ukosefu wa mzazi, lakini hauwezi kufidia ukosefu wa mzoga. Nicrophorus americanus ni ushahidi wa jambo hilo. Zamani mdudu huyu alipatikana katika majimbo 35 ya Marekani na sehemu za kusini mwa Kanada. Mwaka 1989, alipowekwa rasmi katika orodha ya spishi zilizo hatarini kutoweka, makazi yake yaliyojulikana yalikuwa yamebaki katika pembe mbili zilizo mbali sana: Block Island katika jimbo la Rhode Island, na mashariki mwa Oklahoma.

Hakuna sababu moja inayokubaliwa na watafiti wote, lakini maelezo yenye nguvu yanarejea kwenye ukubwa wa mwili wake. Kwa kuwa ni mkubwa kuliko jamaa zake, huhitaji mizoga mikubwa zaidi ili kuzaa vizuri, takribani gramu 100 hadi 200, yaani saizi ya ndege wa kadiri na si panya mdogo. Karne ya 19 ndege wa namna hiyo walikuwa tele, akiwamo njiwa msafiri aliyeruka kwa makundi yenye idadi kubwa ajabu. Uwindaji na ukataji wa misitu ulimwangamiza njiwa huyo, na wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Aidha, misitu ilipokatwakatwa vipande, wanyama kama rakuni na mbweha waliongezeka, na hao huokota mizoga ileile kabla mbawakawa hajaifikia. Mizoga ilipungua huku washindani wakiongezeka. Block Island, ambako wanyama hao hawakuwapo, ikabaki kimbilio.

Juhudi za kumrudisha zimefanyika. Kuanzia mwaka 1994 mbawakawa waliozalishwa kutokana na jamii ya Block Island walipelekwa kisiwa cha Nantucket katika jimbo la Massachusetts, na mwaka 2012 wengine waliachiwa Missouri kwa ushiriki wa Bustani ya Wanyama ya Saint Louis. Katika kazi hizi wahifadhi huchimba mashimo, huweka jozi ya mbawakawa pamoja na mzoga wa tombo, na kufukia. Mwaka 2020 hadhi ya spishi hii ilishushwa kutoka iliyo hatarini kutoweka hadi iliyo tishioni, uamuzi ambao haumaanishi kwamba tatizo la mizoga limekwisha. Mwanadamu anayemzikia mbawakawa tombo amechukua nafasi ya ndege aliowamaliza.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba tabia za mbawakawa wazishi hazieleweki zikitenganishwa na mzoga wanaoutegemea. Thamani yake huleta mapigano, unadra wake huleta hisi kali za kunusa, uozaji wake huleta maandalizi na majimaji ya kinga, na ukomo wake huleta ulishaji na mauaji kwa pamoja. Mzazi mpole na mzazi mkatili ni mdudu mmoja anayegawa mali isiyotosha.

Kisa cha N. americanus kinaongeza fundisho la kiuhifadhi. Hesabu za uhifadhi kwa kawaida huwahusu wanyama walio hai. Mnyama mfu naye ana nafasi yake katika ikolojia, na spishi inapofutika hutoweka pamoja na mizoga yake na wale wote walioitegemea. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa biolojia wanaoandika kwa Kiswahili wachunguze kwa mtazamo huu viumbe wanaotegemea mizoga na samadi katika mazingira ya Afrika Mashariki, ambako wazishi wa Nicrophorus hawapo na kazi ya kuondoa mizoga imegawanywa miongoni mwa tai, fisi, nzi, sisimizi na mbawakawa wa jamii nyingine. Kila mmoja wao hufaana na kifo kwa namna yake, na namna hizo bado hazijaelezwa vya kutosha kwa lugha hii.